Shajara ya Zizi: kupatanisha Eclipse na ujenzi wa usiku

12 Mei

Saa tatu asubuhi Mama Karani amenipigia simu akiwa mnadani, ng'ombe wakilia nyuma yake. Amebonyeza kitufe cha kuchapa stakabadhi upya, programu ikaganda, kisha ikamwaga maandishi mekundu ya Kiingereza. Nikamwomba anisomee mstari wa kwanza. Alipofika kwenye "Unresolved compilation problem" nikajua kosa si lake wala la printa. Kosa letu.

Kwa mgeni: Zizi ni programu ndogo ya Java inayoandikisha ng'ombe wanaoingia mnadani. Namba ya hereni, uzito, muuzaji, mnunuzi, kibali cha kusafirisha mifugo, na mwisho stakabadhi. Tunaiandika watu watatu hapa Tororo, Uganda: mimi, mwenzetu wa hifadhidata ambaye wote tunamwita Dada, na kijana aliyetoka Arua ambaye tunamwita Mdogo ingawa ni mrefu kutushinda. Kila mmoja ana laptopu yake na kila laptopu ina Eclipse, programu ya kuandikia msimbo wa Java. Toleo jipya likitakiwa, aliye huru anafungua menyu ya Eclipse, anatoa JAR, yaani faili moja lenye programu nzima, anaitia kwenye flashi, flashi anapewa mtu wa boda. Tumeishi hivyo miaka miwili.

Sasa, hayo maandishi mekundu yalitoka wapi? Eclipse haitumii javac, ile kompaila ya kawaida ya Java inayogeuza msimbo kuwa klasi ambazo kompyuta inaziendesha. Ina kompaila yake yenyewe, na kompaila hiyo ina tabia ya upole: ukiwa na kosa ndani ya mbinu moja (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina), haikatai faili zima. Inaandika klasi kama kawaida, na mahali pa mbinu yenye kosa inaweka msimbo wa kurusha hitilafu pale mbinu itakapoitwa. Kwa anayeandika ni raha, maana anaweza kujaribu upande mmoja huku mwingine umebomoka. Ila ukitoa JAR ukiwa katika hali hiyo, Eclipse inakuonya kwa kidirisha kidogo halafu inakuachia upite. Juzi jioni mmoja wetu alipita. Simtaji, ila ndiye anayeandika shajara hii.

Nimejiwekea lengo: kufikia katikati ya Juni, hakuna JAR itakayokwenda mnadani kutoka laptopu ya mtu. Itajengwa usiku na ile kompyuta ndogo ya Linux iliyo chini ya meza, kutoka kwenye git, hifadhi ya pamoja ya msimbo wetu, bila mkono wa mtu yeyote.

13 Mei

Nimekusanya faili la .classpath kutoka laptopu zote tatu na kuyaweka bega kwa bega. Hilo ndilo faili la XML ambamo Eclipse inaandika folda za vyanzo ziko wapi, maktaba zipi zinatumika, na klasi zilizokamilika ziwekwe wapi. Nilitegemea tofauti ndogo. Banange!

Langu lina maktaba 14. La Dada lina 16, mbili kati yake ni matoleo mawili ya maktaba ileile ya PDF, la zamani likitangulia, kwa hiyo ndilo linalotumika. La Mdogo lina mistari minne inayoanzia C:/Users na kuishia kwenye folda yake ya vilivyopakuliwa. Kila mmoja wetu amekuwa akijenga programu yake, tumezipa jina moja tu.

Nimeunda folda ya lib ndani ya mradi, nikaingiza maktaba zote humo, nikabadilisha njia zote ziwe fupi zinazoanzia ndani ya mradi. Siku nzima. Dada amekubali kuiacha maktaba ya PDF ya zamani baada ya kuchapa stakabadhi kumi na kuzipima kwa rula.

15 Mei

Mpango wa kwanza. Sitaki kuwasumbua wenzangu, kwa hiyo Eclipse ibaki kuwa bwana, na zana ya ujenzi isome faili zake. Nimechagua Ant. Inakuja ndani ya Eclipse tayari, na kwenye Linux ni amri moja kuisakinisha. Ant ilizaliwa ndani ya mradi wa Tomcat, kazi ya James Duncan Davidson, na toleo lake la kwanza la kujitegemea lilitoka Julai 2000. Nikamwambia Mdogo zana hii ni rika lake. Hakucheka.

Wazo lenyewe ni rahisi. Ant ina kazi ya XSLT. Unaipa .classpath, unaipa kanuni za kugeuza, nayo inatoa kipande cha XML ambacho Ant inakielewa: kila classpathentry yenye kind="lib" inakuwa pathelement. Kipande hicho kinaingizwa kwenye build.xml kwa import. Mtu akiongeza maktaba ndani ya Eclipse, Ant itaiona yenyewe.

Nilipoijaribu, mabadiliko yalikuwa yanaonekana mara ya pili, si ya kwanza. Naongeza maktaba, naendesha Ant, inalia haina klasi hiyo. Naendesha tena bila kugusa kitu, inapita. Nimepoteza alasiri nzima nikidhani ni diski. Kumbe import inafanyika Ant inaposoma build.xml, kabla ya kazi yoyote kuanza. Kwa hiyo kila mara ilikuwa ikiingiza kipande cha mara iliyopita, kisha ndiyo inaandika kipya. Dawa yake ni faili mbili: ya kwanza inageuza tu, halafu inaita ya pili kwa kazi ya ant, ambayo inasomwa wakati huo kipande kipya kipo.

16 Mei

Ujenzi wa kwanza kwenye Linux umepita. Rolex mbili (chapati zilizoviringishiwa mayai) na chai, nimelipa mimi.

19 Mei

Leo nimejifunza kwamba neno "BUILD SUCCESSFUL" linaweza kusema uongo ukiwa umelipatia sababu.

Tangu Ijumaa Dada analalamika kwamba Eclipse yake imechanganyikiwa. Anaendesha programu, anaambiwa klasi haipo, ilhali faili analiona. Hilo nililielewa upesi: build.xml yangu ilikuwa ikifuta folda ya bin na kuijaza upya, na bin ndiyo folda ya Eclipse. Eclipse inakumbuka kwamba ilishakompaili, haijui kwamba mtu ameingia nyuma yake akabeba vyombo. Ukibofya F5 na kusafisha mradi, inatulia.

Ili kumtuliza Dada niliondoa hatua ya kufuta. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Kazi ya javac ndani ya Ant haikompaili kila kitu. Inalinganisha saa: kama faili la klasi ni jipya kuliko chanzo chake, inaruka. Asubuhi hii nilikuwa na chanzo chenye kosa. Eclipse, kwa ule upole wake, ilishakiandikia klasi yenye bomu ndani, na klasi hiyo ilikuwa mpya kuliko chanzo. Ant ikaiona, ikasema hili limeshafanywa, ikaifunga ndani ya JAR na kutangaza ushindi. Yaani lile tatizo la Mama Karani lilikuwa linarudi mnadani, safari hii likiwa na cheti.

Nimelikuta kwa bahati tu, kwa kuwa nilibonyeza kitufe kilekile cha kuchapa upya.

Kuanzia leo Eclipse ina bin yake, na Ant ina folda yake inayoitwa ujenzi, inayofutwa kila mara. Pia nimegundua bin ilikuwa ndani ya git muda wote huu. Sitasema tangu lini.

20 Mei

Umeme hakuna tangu usiku. Betri ya laptopu imekwisha saa nne. Nimeandika haya kwa kalamu.

22 Mei

Ujenzi wa usiku umeanguka. Nikiuendesha mimi kwa mkono kwenye kompyuta ileile, unapita. Ukiendeshwa saa nane usiku na cron, kipanga kazi cha Linux, unaanguka. Javac inasema kuna herufi isiyotafsirika katika US-ASCII, ile seti ya herufi za msingi za Kiingereza, inataja baiti ya E2, na faili lenyewe ni lile la maneno ya stakabadhi.

Nikamwita Dada ajenge kwa Ant kwenye Windows yake tulinganishe. Kwake ilipita bila neno. Tukachapa stakabadhi moja. Juu kabisa, kwa herufi kubwa nzito, ikasomeka:

MAUZO YA NGâ€™OMBE

Tulicheka hadi jirani wa duka la simu akaja kuuliza. Kisha tukaacha kucheka, maana hiyo ingefika kwa wanunuzi.

Mkosaji ni kibainishi cha ng’. Mama Karani ndiye aliyetuandikia maneno ya stakabadhi katika programu ya kuandikia barua, ambayo ina kawaida ya kugeuza alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Iliyonyooka ni ASCII ya kawaida, haina shida popote. Iliyopinda, katika UTF-8, usimbaji (njia ya kuandika herufi kwa baiti) unaobeba herufi za lugha zote, ni baiti tatu: E2, 80, 99. Javac ya Windows isipoambiwa kitu inasoma faili kwa usimbaji wa Windows, unaoitwa Cp1252, na humo baiti hizo tatu ni herufi tatu halali kabisa: a yenye kofia, alama ya yuro, na TM ndogo. Haina sababu ya kulalamika. Cron nayo inaendesha kazi zake bila mipangilio ya lugha ambayo mimi ninayo nikiingia kwa mkono, kwa hiyo javac ikarudi kwenye ASCII tupu, ambayo haina baiti ya E2. Kompyuta mbili zimekosea faili lile lile, moja kwa kelele na nyingine kimya. Naipenda ile ya kelele.

Na Eclipse je? Eclipse ilikuwa sahihi siku zote, kwa kuwa mmoja wetu aliwahi kuweka UTF-8 kwenye mipangilio ya mradi. Chaguo hilo halikai kwenye .classpath. Linakaa katika folda ya .settings, kwenye faili jingine kabisa, ambalo XSLT yangu haikuwahi kulifungua.

Dawa ya leo ni neno moja, encoding="UTF-8", kwenye kazi ya javac. JDK 18 (zana za kujengea programu za Java) ya Machi 2022 ilifanya UTF-8 kuwa ya kawaida kila mahali, lakini sisi tuko 17. Alama iliyopinda nimeiacha ilipo makusudi. Siku mpangilio ukipotea tena, ng'ombe ndiye atakayetuamsha.

Linalonisumbua ni jingine. Nilidhani nikisoma .classpath nimeshaujua mradi. Kumbe Eclipse imegawa siri zake: maktaba huku, usimbaji kule, toleo la Java kwingine. Nitaandika XSLT ngapi?

26 Mei

Jibu limekuja lenyewe. Jana jioni Mdogo aliongeza maktaba ya kusoma misimbo ya QR. Akaiongeza alivyozoea, kwa menyu, kutoka folda ya vilivyopakuliwa. Mstari ukaingia kwenye .classpath ukianza na C:/Users, akaupandisha git, akaenda kulala. Saa nane usiku kompyuta ya Linux ikatafuta diski ya C.

Asubuhi nilimpandishia sauti kidogo, na ninajuta. Alinijibu kwa adabu: "Kaka, mimi nimefanya Eclipse inavyotaka. Wewe ulisema Eclipse ndiyo bwana."

Hana kosa. Nilikuwa nimemfanya bwana yule anayebadilika kila mtu anapobofya kitufe. Faili la Eclipse ni daftari la laptopu moja, linaandikwa na mashine kwa faida ya mashine hiyo. Mimi nikaligeuza kuwa katiba ya watu watatu na seva moja, kisha nikashangaa lina anwani ya nyumbani kwa mtu.

Nimegeuza mshale. Skripti ya ujenzi ndiyo itakayosema mradi ni nini, na faili za Eclipse zitazalishwa kutoka humo. Mtu akifuta .classpath yake, apate nyingine kwa amri moja. Mzee, mwenye ofisi, ameuliza kama hiyo maana yake kazi ya wiki mbili imetupwa. Nimemwambia nusu.

28 Mei

Nimechagua zana nyingine ya ujenzi, Gradle. Sababu kubwa ni programu-jalizi yake ya eclipse, ambayo inaandika .project, .classpath na mipangilio ya kompaila kutoka build.gradle. Sababu ndogo ni kwamba inaweza kuingiza build.xml ya zamani nzimanzima kwa ant.importBuild, malengo ya Ant yakawa kazi za Gradle, kwa hiyo sikulazimika kuhama siku moja. Ziligongana kwa jina la clean, nikayapa yale ya zamani kiambishi cha "ant-" mbele, yakakaa pamoja kwa amani.

Mtihani wetu ulikuwa intaneti. Gradle inakuja kwa "wrapper": kila laptopu inaendesha gradlew, nayo inapakua toleo sahihi yenyewe. Toleo moja ni zaidi ya megabaiti 100. Mara laptopu tatu na seva, kwa bando la simu, na kila bando lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Nimelipakua mara moja, nikaliweka kwenye kompyuta ya chini ya meza, kisha nikabadilisha distributionUrl ndani ya gradle-wrapper.properties ielekee huko kupitia Wi-Fi ya ofisi. Dada na Mdogo wamelipata kwa sekunde chache bila kugusa bando lao.

Maktaba zetu nimeziacha kwenye folda ya lib. Najua wengi wangeziagiza kutoka hifadhi ya mtandaoni ya Maven, na siku moja tutafika huko. Ningeweza pia kuiambia Gradle ichukue kila JAR iliyomo kwenye folda, mstari mmoja tu, lakini nakumbuka zile PDF mbili. Kila maktaba imetajwa kwa jina, mstari wake peke yake. Anayeongeza ataonekana kwenye git.

30 Mei

Msingi wa faili letu sasa:

plugins {
    id 'java'
    id 'eclipse'
}

sourceSets.main {
    java.srcDirs = ['src']
    resources.srcDirs = ['rasilimali']
}

java.sourceCompatibility = JavaVersion.VERSION_1_8

tasks.withType(JavaCompile) {
    options.encoding = 'UTF-8'
    options.release = 8
}

Folda ya rasilimali ina hadithi yake. JAR ya kwanza ya Gradle ilifunguka bila nembo na bila violezo vya stakabadhi. Eclipse, ikikuta faili lisilo la Java ndani ya folda ya vyanzo, inalinakili kwenda bin bila kuulizwa. Kwa hiyo miaka yote tumerundika picha na violezo katikati ya msimbo, na mambo yakawa yanaenda. Gradle haifanyi hivyo. Folda ya src niliitaja kuwa ya Java, nayo ikachukua Java tu. Nimehamisha yasiyo ya Java kwenye folda yake, na programu-jalizi ikaongeza mstari wa pili wa vyanzo kwenye .classpath bila mimi kuugusa. Mara ya kwanza mshale kuonekana ukifanya kazi.

Mistari miwili ya Java 8 si kurudia. Laptopu ya mnadani ni kuukuu, ina Java 8. Ukiweka sourceCompatibility peke yake na kukompaili kwa JDK 17, kompaila inazuia sarufi mpya ya lugha lakini haizuii mbinu mpya za maktaba ya Java yenyewe. Mdogo alikuwa ametumia isBlank, ambayo ilikuja na Java 11. Ingekompailika vizuri kabisa hapa, ikafia mnadani kwa NoSuchMethodError. Ile release inafunga mlango huo. Eclipse ina chaguo kama hilo upande wake, na nimeongeza mistari kwenye build.gradle iliandike ndani ya mipangilio ya kila mmoja, ili Mdogo aone wekundu akiwa bado anaandika, si saa nane usiku.

Mwisho wa siku nimeondoa .classpath, .project na .settings kutoka git na kuyaweka kwenye .gitignore. Mkono ulisita kidogo.

31 Mei

Mdogo ameendesha gradlew eclipse, na folda moja ya vyanzo aliyowahi kuiongeza kwa menyu bado ipo kwenye .classpath yake. Nilidhani nimekosea. Kumbe programu-jalizi haifuti faili iliyopo, inachanganya: maktaba inaziandika upya, lakini mengine ya mtu, kama folda za vyanzo, inayaacha, kwa kudhani mtu alikuwa na sababu. Ni heshima nzuri, lakini sisi tulikuwa tunafukuza mizimu. Amri sahihi kwetu ni gradlew cleanEclipse eclipse, kisha F5. Nimeiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ukutani.

"Kwa hiyo kaka, nikitaka maktaba mpya sibofyi tena?" Hubofyi. Unaitia kwenye lib, unaandika mstari, unaendesha amri ya ukutani. Ameguna. Dada amesema anapendelea hivyo, maana mstari anaweza kuusoma na kumuuliza mtu, menyu hawezi.

Kuna njia ya tatu, ya Eclipse kufungua mradi wa Gradle moja kwa moja kwa programu-jalizi iitwayo Buildship. Tuliijaribu kwenye laptopu ya Dada yenye RAM ya gigabaiti 4. Ikapumua kama lori la makaa likipanda mlima. Tumebaki na faili zinazozalishwa.

3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi. Wiki iliyopita yote mahujaji wamepita barabara kuu wakielekea Namugongo kwa miguu, wengine wametoka ng'ambo ya mpaka, na leo mji umetulia. Ujenzi wa usiku umepita mara ya tatu mfululizo. Sijagusa kitu.

5 Juni

Leo nimeweka JAR mbili mezani: ya mwisho iliyotoka Eclipse kwa mkono, na ya Gradle. Nilitaka kuthibitisha ni kitu kimoja kabla ya kumpa Mama Karani. Klasi zenyewe hazilingani baiti kwa baiti, na hazitalingana, kwa kuwa kompaila ni mbili. Nilicholinganisha ni orodha: majina ya klasi, rasilimali, maktaba. Tofauti zilizobaki ni mbili. Ya Gradle haina maktaba moja ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia. Ya Eclipse ina klasi nne ambazo vyanzo vyake tulivifuta mwaka jana. Zilikuwa zimejikalia bin, na kila toleo zikapanda boda kwenda mnadani kama abiria wasio na tiketi.

Kabla ya hapo javac ilikataa faili moja ambalo Eclipse imelikubali miezi yote. Dada aliandika hesabu ya jumla ya uzito kwa kila muuzaji kwa mnyororo mrefu wa jeneriki, na kompaila hizo mbili hazikukubaliana aina ya matokeo ni ipi. Yupi yuko sahihi kisheria sikuchimba. Nimevunja mnyororo mara mbili na kuitaja aina waziwazi. Dada amesema sasa hata yeye anauelewa.

Kitu cha mwisho cha leo: kiolezo kimoja kinasomwa kutoka diski, nje ya JAR, na msimbo unakiita stakabadhi kwa s ndogo ilhali faili linaanza na S kubwa. Windows haijali. Linux imejali. Dakika mbili.

8 Juni

Nimeongeza majaribio matatu kwenye ujenzi wa usiku, matatu tu. Moja linachapa stakabadhi kwenye faili na kuhakikisha neno ng’ombe liko salama, na alama yake iliyopinda. La pili linaita kitufe cha kuchapa upya. La tatu linahesabu maktaba ndani ya JAR. Mzee ameuliza kwa nini si mia moja. Nimemwambia haya ni makovu, na makovu tunayo matatu.

build.xml imefutwa leo. XSLT yangu pia. Niliisoma mara moja zaidi kabla ya kuifuta, ilikuwa nzuri.

10 Juni

JAR ya kwanza iliyojengwa bila mtu imekwenda mnadani. Bado kwa flashi na boda, hilo halijabadilika na kwa sasa halina haraka. Ujenzi unaandika pia namba fupi ya git chini ya kila stakabadhi, herufi saba, ili siku tukipigiwa simu tujue ni toleo lipi bila kukisia.

Yaliyobaki: kuhamishia maktaba kwenye hifadhi yenye matoleo, kumnunulia Dada RAM, na kuipandisha laptopu ya mnadani Java mpya, ambayo inategemea Mzee na mnada wenyewe usifungwe kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo.

Saa tano Mama Karani amepiga. Moyo ukanidunda.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri, mwanangu. Stakabadhi zinatoka vizuri. Ila huku chini kuna herufi na namba sizielewi, na mnunuzi mmoja amekataa kusaini. Anasema tumemwandikia deni."

Nikamweleza ni namba ya toleo tu, si pesa.

"Basi iandikeni hivyo," akasema, akakata.

Mdogo ameshaongeza neno "Toleo" mbele yake. Litajengwa usiku.